Fimbo ya Kusikilizia Maji

Saa nane usiku, mji ukiwa umelala, bomba husema. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, mhandisi mpya wa usambazaji maji, pale fundi mmoja mtu mzima aliyekaribia kustaafu aliponikabidhi ufito wa chuma wenye kikombe cha mbao upande mmoja. Akaniambia niuegemeze juu ya koki ya barabarani, kikombe nikibandike sikioni. "Usiheme, mwanangu," akasema. "Sikiliza." Nikasikia mvumo wa mbali, kama upepo unaopenya tundu la ufunguo. Tukasogea hadi koki ya pili, mvumo ukawa mluzi. Koki ya tatu, mluzi ukafifia. Mzee akarudi nyuma hatua kadhaa, akachora msalaba wa chaki kwenye lami, akaendelea na safari yake.

Asubuhi mafundi walipochimba pale penye msalaba walikuta kiungio kimelegea na maji yanatoka kwa nguvu, yamejichimbia njia chini kwa chini hadi kwenye mtaro wa mvua. Juu ya barabara hapakuwa na hata unyevu. Wakazi wa mtaa ule walikuwa wakipata maji ya mgao, siku moja wanayo, siku mbili hawana, na kumbe maji yao yalikuwa yakipita chini ya miguu yao kila siku.

Ule msalaba wa chaki umekaa nami miaka mingi. Watu wakitaja uhandisi wa miji endelevu, picha zinazokuja haraka ni majengo yaliyovikwa miti, magari yasiyo na dereva, na chumba chenye skrini kubwa zinazowaka rangi. Vingi kati ya hivyo navipenda na nafurahi vinajaribiwa. Lakini kila nikichunguza miradi iliyobadilisha maisha ya watu na ikadumu miaka ishirini, thelathini, hamsini, nakuta kwamba aliyeichora alimfikiria mtu atakayekuja kuitunza usiku, mvua ikinyesha, akiwa na spana na tochi. Nataka niandike juu ya miradi ya namna hiyo, na nitaanzia kwenye tundu la bomba kwa sababu ndilo ninalolijua zaidi.

Fikiria uvujaji mdogo wa lita moja kwa dakika. Ni uzi mwembamba wa maji, mtu anaweza kuuziba kwa kidole. Kwa siku ni lita 1,440, na kwa mwaka ni lita 525,600. Maji hayo yameshachotwa mtoni au kisimani, yameshatiwa dawa, yameshasukumwa na pampu kupanda mlima. Yakimwagika, umeme na dawa vimemwagika pamoja nayo. Mji unaopoteza nusu ya maji yake huendesha pampu zake nusu ya siku kwa ajili ya udongo.

Uvujaji una tabia zake. Mchana watu wakifungua mabomba, presha hushuka. Usiku wakilala, presha hupanda, na tundu lile lile humwaga zaidi. Kwenye bomba la plastiki lililopasuka kwa urefu hali ni mbaya zaidi, maana presha ikipanda ufa wenyewe hutanuka. Kwa hiyo valvu ya kupunguza presha nyakati za usiku, kifaa ambacho wapita njia hawajui hata kama kipo, inaweza kuokoa maji mengi kuliko kisima kipya, na inaongeza umri wa mabomba.

Tabia nyingine ndiyo msingi wa kazi yangu yote. Ukigawanya mji katika kanda ndogo, kila kanda ikawa na mlango mmoja wa kuingizia maji na dira, yaani mita ya kupimia maji, kwenye mlango huo, basi kati ya saa nane na saa kumi usiku dira hiyo itakuambia ukweli ambao mchana unafichwa na matumizi ya watu. Saa hizo karibu kila mtu amelala. Kinachoendelea kuingia kwenye kanda, kwa sehemu kubwa, ni kile kinachovuja. Hapo unajua kanda ipi ina ugonjwa, unapeleka watu wenye masikio.

Juu ya mgao nitasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeuona ukitumika kama tiba ilhali ni sehemu ya ugonjwa. Maji yakifungwa, bomba hubaki tupu, na lile tundu lililokuwa likitoa maji safi sasa huvuta ndani maji machafu yaliyolizunguka. Maji yakifunguliwa, hewa hukimbia mbele yake na kuzungusha dira za wateja, halafu maji yanagonga viungio kama nyundo. Vile vilivyokuwa vizima hulegea. Kwa hiyo uvujaji huleta mgao, na mgao huzaa uvujaji mwingine. Mji unaweza kukaa ndani ya mduara huo kizazi kizima, ukijenga mitambo mipya ya kusafisha maji ambayo inalisha matundu yale yale.

Mji uliotoka humo, na ninaoutaja kila ninapopata nafasi, ni Phnom Penh. Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji ya jiji hilo la Kambodia mwaka 1993, nchi ilikuwa imetoka kwenye vita na mauaji ambayo yeye mwenyewe alinusurika. Asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa yalikuwa yakipotea: mengine yalivuja, mengine yaliibwa, mengine yalitumiwa na watu wakubwa ambao hawakuona sababu ya kulipa. Maji yalitoka saa 10 hivi kwa siku, na sehemu kubwa ya wakazi hawakuwa wameunganishwa kabisa. Watu maskini walinunua maji kwa wachuuzi, wakilipa zaidi ya wenye bomba.

Hakuanza na kitu cha kupendeza machoni. Alifanya sensa ya wateja nyumba kwa nyumba, ili ijulikane nani anatumia maji na nani yumo kwenye vitabu tu. Aliweka dira kila palipounganishwa maji. Mtandao uligawanywa katika kanda zenye vipimo vya mtiririko na presha, na vikosi vya kuziba uvujaji vikawa zamu mchana na usiku. Wafanyakazi waliofanya vizuri walizawadiwa, waliokula njama za kuuza maji pembeni waliondolewa. Na alikwenda mwenyewe kwenye nyumba za wakubwa. Kisa kinachojulikana sana ni kile cha jenerali aliyekataa kufungiwa dira na kumwelekezea bunduki. Ek Sonn Chan akarudi na askari na maji yakakatwa hadi bili ilipolipwa.

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya 2000 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6, kiwango ambacho majiji mengi tajiri hayajakifikia. Maji yalikuwa yakitoka saa 24. Familia maskini ziliunganishwa kwa gharama iliyopunguzwa. Yeye alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo ya heshima kubwa barani Asia, mwaka 2006, na mwaka 2010 mamlaka yenyewe ikatunukiwa tuzo ya maji ya Stockholm ya viwanda. Mikopo na misaada kutoka nje ilikuwepo, na mabomba ya zamani yalibadilishwa kwa fedha hizo. Lakini fedha kama hizo zimepelekwa miji mingi. Kilichokuwa adimu ni utaratibu wa kila siku wa kujua kila tone limekwenda wapi, na mtu wa kuulizwa lisipojulikana lilipo.

Najua baadhi ya wahandisi wenzangu wataniuliza kama huo ni ubunifu. Kwangu ni ubunifu mkubwa. Kugeuza mtandao usiopimika kuwa mtandao unaopimika ni kazi ya akili sawa na kuchora daraja, na matokeo yake ni mama kufungua bomba jikoni na kupata maji bila kupanga siku yake kwa kuyasubiri.

Vifaa vya kisasa vya kusikiliza mabomba sasa vipo. Ni vidude vidogo vinavyokaa kwenye chemba, husikiliza usiku kucha, hulinganisha muda ambao sauti moja imefika pande mbili za bomba, na kukadiria tundu lilipo. Vinafanya kazi ya ufito wa chuma bila kuchoka, na natamani kila mji uwe navyo. Ila nimewahi kufanya kazi katika mradi, nisioutaja jina, ambapo vilifungwa kwa sherehe. Wiki chache baadaye usiku mmoja tahadhari ikaja: bomba kuu limepasuka. Tulikwenda mbio. Koki ya kwanza ya kulifunga ilikuwa imefunikwa na lami mpya, hakuna aliyeweza kusema iko wapi hasa. Ya pili ilikuwa imeganda kwa kutu, tukaning'inia kwenye ufunguo watu watatu bila mafanikio. Maji yalimwagika hadi karibu adhuhuri. Tulikuwa tumejua tatizo lipo wapi tangu dakika ya kwanza, na hatukuwa na mkono wa kulizuia. Mkataba ule ulikuwa na fungu la skrini na fungu la mafunzo ya kutumia skrini. Fungu la kuzungusha koki mara moja kwa mwaka na kuzipaka grisi halikuwamo. Betri za vile vidude nazo zilipoanza kufa hazikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Hadi leo inaniuma, kwa sababu vifaa vilikuwa vizuri.

Maji yakishatumika nayo yana safari yake, na huko ndiko nimekuta akili za kunishangaza zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi wa serikali katika jiji la Kolkata, India, Dhrubajyoti Ghosh, alianza kufuatilia swali linaloonekana dogo: majitaka ya jiji hili yanaishia wapi? Akafuata mifereji kuelekea mashariki, akakuta wavuvi na wakulima waliokwisha kulijibu kitambo. Waliyapokea majitaka kwenye mabwawa yenye kina kifupi, jua likafika hadi chini, mwani ukaota na kutoa oksijeni, bakteria wakala uchafu, samaki wakala mwani. Maji yaliyotoka upande wa pili yalimwagilia mashamba. Eneo lote ni karibu hekta 12,500, na mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu zinazolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Hakuna pampu za hewa wala mtambo mkubwa wa zege. Mtambo ni jua na watu wanaojua lini kufungua lango na lini kulifunga. Ghosh alitumia maisha yake yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 2018, kuyatetea mabwawa hayo yasifukiwe kwa ajili ya majengo. Mhandisi aliyetumwa kutafuta tatizo, akakuta suluhisho, akawa na unyenyekevu wa kulitambua. Namheshimu mno kwa hilo.

Windhoek walichukua njia ya mbali zaidi. Mito ya Namibia inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu, na mji mkuu uko katikati ya nchi. Mwaka 1968 walianza, kabla ya mji mwingine wowote duniani, kusafisha majitaka na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mtandao wa maji ya kunywa. Mtambo mpya wa Goreangab uliokamilika mwaka 2002 unaweza kuzalisha mita za ujazo 21,000 kwa siku, ukitumia ozoni, mchanga, kaboni na michujo laini sana, hatua moja baada ya nyingine, ili moja ikiteleza nyingine idake. Maji yanayopatikana huchanganywa na ya vyanzo vingine. Sehemu ninayoipenda haimo mtamboni kabisa: walitenganisha majitaka ya viwandani na ya majumbani tangu kwenye mabomba ya kukusanyia. Yaani usalama wa glasi ya maji unaanza kwa uamuzi wa kiwanda kipi kiunganishwe kwenye bomba lipi, na kwa watu wa maabara wanaopima bila kuchoka. Zaidi ya nusu karne watu wa mji ule wamekunywa maji hayo. Huwezi kupata imani ya namna hiyo kwa tangazo.

Karachi, Pakistani, mtaa wa Orangi, hapakuwa na serikali ya kutosha kufanya lolote kati ya hayo. Akhtar Hameed Khan, mtaalamu wa maendeleo ya jamii, alianza kazi pale mwaka 1980. Wakazi waliambiwa mfumo wa majitaka ni ghali mno kwao. Yeye na wenzake wakauvunja mfumo vipande viwili. Choo cha nyumbani na bomba la kichochoro, chenye nyumba 20 hadi 40, wakazi wanaweza kulipia na kujenga wenyewe. Bomba kuu na mtambo wa kusafishia ni kazi ya serikali. Kisha wahandisi wakarudi kwenye michoro na kuuliza kila kipimo kimetoka wapi. Kwa nini bomba lizikwe chini sana kwenye kichochoro ambacho lori haliwezi kupita? Wakalipandisha. Kwa nini chemba iwe ya bei hiyo? Wakatengeneza kalibu za chuma za kumwagia zege, wakawa wanaazimishana. Gharama ikashuka hadi sehemu ndogo ya ile ya kandarasi, na vichochoro kwa maelfu vikapata mabomba. Bomba likiziba, aliyelijenga anaishi mlangoni pake.

Siwezi kuitaja Orangi bila kumtaja Perween Rahman, msanifu majengo aliyeongoza kazi hiyo baadaye. Alichora ramani za mitaro ya asili ya Karachi, makazi ambayo hayakuwa kwenye ramani rasmi, na pia njia ambazo maji ya bomba kuu yalikuwa yakiibwa. Machi 2013 alipigwa risasi akiwa njiani kurudi nyumbani. Anayedhani ramani ya mabomba ni karatasi ya kiufundi tu, na akumbuke kuna mtu ameuawa akifanya kazi ya kuichora.

Mvua nitaipitia haraka, ingawa inastahili makala yake. Miji mingi ilijengwa kwa wazo moja: maji ya mvua ni adui, yatoweke haraka kwenye bomba. Mvua zikizidi, bomba halitoshi kamwe. Rotterdam walijenga uwanja wa Benthemplein, uliofunguliwa mwaka 2013. Siku za kawaida vijana hucheza mpira wa kikapu kwenye sehemu iliyochimbwa chini. Mvua kubwa ikija, sehemu hizo hupokea karibu lita milioni 1.7 na kuziachia taratibu baadaye. Kuala Lumpur wana handaki liitwalo SMART, lililofunguliwa mwaka 2007, lenye urefu wa kilomita 9.7. Sehemu yake ni barabara ya ghorofa mbili kwa magari. Mvua ya wastani, maji hupita chini ya barabara hizo huku magari yakiendelea. Mvua kubwa, magari hutolewa, malango hufunguliwa, na handaki lote huwa mto. Kisha linaoshwa na magari kurudi. Mwenye kulitazama kwa juujuu husifu handaki. Mimi nawasifu pia wale wanaoliosha tope, wakakagua malango, kwa sababu lango lisilofunguka usiku wa gharika hugeuza handaki zima kuwa barabara tu.

Na usafiri: mabasi ya mwendokasi yanayojulikana sasa kuanzia Bogotá hadi Dar es Salaam yalitoka Curitiba, Brazili, mwaka 1974, wakati wa meya Jaime Lerner. Basi likapewa njia yake peke yake, na baadaye, mwaka 1991, vikaja vituo vyenye umbo la bomba ambapo abiria hulipa kabla basi halijafika na sakafu ya kituo ikalingana na ya basi. Kizee au mtu mwenye kiti cha magurudumu anatoka kituoni na kuingia ndani ya basi bila kupanda ngazi. Mabadiliko yenyewe yanapimwa kwa sentimita za sakafu. Na pale mabasi yanapopungua bila kubadilishwa, njia ikabaki tupu, watu hawailaumu barabara. Wanasimama tu kituoni wakingoja.

Yule mzee alistaafu zamani. Aliniachia daftari la shule lenye jalada lililochanika, ndani amechora kila koki ya kanda zake kwa kalamu ya risasi: hii iko hatua tatu kutoka kwenye nguzo, hii hufungwa kwa kuzungusha kinyume, hii usiilazimishe. Tulichukua miezi kulihamishia kwenye ramani ya kompyuta, koki moja baada ya nyingine, tukienda kila mahali kuhakikisha. Sehemu chache alikuwa amekosea. Nyingi alikuwa sahihi kuliko michoro rasmi. Tukaziinua chemba zilizofukiwa, tukabadilisha koki zilizoganda, tukafunga dira mlangoni mwa kila kanda.

Usiku mmoja hivi karibuni tulikuwa kwenye kanda ile ya msalaba wa chaki. Saa tisa kasoro tulimulika dira kwa tochi. Sindano ilikuwa ikienda polepole mno, ikisimama kidogo na kuendelea, kama ya nyumba moja ambayo mtu ameamka kunywa maji. Kijana niliyekuwa naye, mwaka wake wa kwanza kazini, alidhani dira imeharibika. Nikamwambia ahesabu dakika kumi. Akahesabu, tukaandika.

Kulipokucha nilimpigia mzee simu kumpa habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile koki ya kona, ile inayofungwa kinyume, tumeipaka grisi. Nikamwambia bado. Usiku uliofuata tulirudi nayo.